Kompyuta ya duka haiwaki: faili zitoke kwanza, fundi afuate

Swali limetoka kwa mama mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi kwenye njia ya Kasapa, Lubumbashi. Ameandika hivi: «Kompyuta yangu ya mezani, ambayo niliinunua ikiwa tayari imetumika, ilifanya kazi vizuri hadi juzi jioni. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Tangu hapo nikiiwasha naona nembo ya kiwanda, kisha skrini nyeusi yenye maneno ya Kiingereza kwamba hakuna kifaa cha kuanzishia. Kwa wiki chache kabla ya hapo saa yake ilikuwa ikibaki nyuma kila asubuhi, na kijana wangu alikuwa akibonyeza F1 ili iendelee. Fundi anasema ataifomati na kuweka Windows mpya, na jioni ileile itakuwa tayari. Ndani yake kuna memwari, yaani tasnifu, za wanafunzi na hesabu za duka za miaka minne. Sina nakala nyingine popote. Nimruhusu?»

Mama mpendwa, usimruhusu kabla faili hazijatolewa. Fundi wako hakudanganyi, kwa sababu akifanya alivyosema kuna uwezekano mkubwa kwamba kompyuta itawaka jioni hiyohiyo. Tatizo ni kwamba amejibu swali moja kati ya mawili uliyo nayo. Kuwasha mashine ni kazi moja, na kuokoa yaliyomo ni kazi nyingine, na kazi ya kwanza ikitangulia inaweza kuiharibu ya pili moja kwa moja.

Neno kufomati linasikika kama kufagia nyumba, ilhali lina maana mbili zenye matokeo tofauti sana. Ufomati wa haraka hufuta orodha inayoonyesha kila faili iko wapi, na faili zenyewe hubaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ufomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri katika diski nzima, na baada ya hapo hakuna programu yoyote itakayorudisha kitu. Hata fundi akichagua ule wa haraka, hatua inayofuata ni kuweka Windows mpya, yaani gigabaiti nyingi zinazotua mahali ambapo huenda memwari ya mwanafunzi fulani ilikuwa imelala. Na kama diski yako ni ya SSD, yaani ile isiyo na sahani inayozunguka, hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa diski za namna hiyo huambiwa na mfumo ni sehemu zipi hazihitajiki tena, nazo huzisafisha zenyewe kimyakimya ndani ya muda mfupi.

Sasa tuangalie dalili, maana umezieleza vizuri kuliko watu wengi. Kuona nembo ya kiwanda ni habari njema. Kabla ya nembo kutokea, kompyuta hukagua kichakataji, kumbukumbu ya RAM na kadi ya picha, na kimojawapo kikiwa na hitilafu kubwa kwa kawaida usingeona kitu, au ungesikia milio ya kengele. Kwa hiyo kisanduku cha umeme kinafanya kazi na ubao mama uko hai. Safari imekatika mahali ambapo ubao mama unatafuta diski yenye Windows ili uikabidhi kazi, na haukuiona, au umeiona bila kutambua jinsi ya kuanzia.

Hapo ndipo saa iliyokuwa ikibaki nyuma inapopata umuhimu. Juu ya ubao mama kuna betri ndogo ya duara, ya namba CR2032 na ya volti 3, ambayo kazi yake ni kutunza saa wakati kompyuta imechomolewa kwenye umeme. Katika mashine za zamani, betri hiyohiyo hutunza pia mipangilio ya BIOS, programu ndogo ya ubao mama inayoanzisha kompyuta, yaani diski ipi ianze, diski isomwe kwa mtindo upi, na mfumo uanzishwe kwa njia ya zamani au mpya. Betri ikianza kuchoka, saa ndiyo hulegea kwanza. Ikichoka kabisa, mipangilio hupotea na ubao mama hurudia ile ya kiwandani, ambayo huenda si ile iliyotumika wakati Windows yako ilipowekwa. Mradi waya uko kwenye soketi yenye umeme, ubao hulishwa kidogokidogo hata kompyuta ikiwa imezimwa, na udhaifu wa betri hauonekani. Delestaji, yaani ukataji wa umeme, ikija, ulinzi huo unaondoka. Ujumbe ambao kijana wako alikuwa akiuruka kwa F1 karibu bila shaka ulikuwa unasema jambo hilohilo, na ningependa siku nyingine aupige picha kwa simu kabla ya kubonyeza chochote.

Siwezi kukuhakikishia kwamba ni betri. Umeme unaokatika na kurudi mara mbili unaweza pia kuumiza diski iliyokuwa katikati ya kuandika. Lakini mpaka hapa dhana ya bei nafuu ina nguvu kuliko ile ya gharama kubwa, na kuna njia ya kuipima bila kuandika hata herufi moja kwenye diski.

Chomoa flashi zote na waya za printa, kisha washa kompyuta huku ukibonyeza mara kwa mara kitufe cha kuingia BIOS. Mashine nyingi hutumia F2 au kile ambacho kibodi zetu za Kifaransa hukiandika Suppr (Delete), na nyingine hutumia F10 au Echap (Esc). Mara nyingi kitufe chenyewe hutajwa chini ya nembo. Ukiingia, usibadilishe kitu. Tazama tarehe, kisha tafuta ukurasa unaoorodhesha diski. Ukiona tarehe ya miaka mingi iliyopita, na chini yake jina la diski yako pamoja na ukubwa wake halisi, una sababu ya kupumua. Jina lisipoonekana, zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini uondoke, ufungue na usukume waya mbili za diski pande zote mbili, kwa sababu viunganishi vya SATA hulegea kwa joto na mtikisiko. Vumbi jekundu la kiangazi chetu nalo hupenya kila tundu, hivyo lipulize taratibu ukiwa hapo. Jina likitokea likiwa na herufi za ajabu au ukubwa usioeleweka, au ukisikia diski ikigonga tik, tik, tik, zima mara moja na uruke mpaka sehemu ya diski mgonjwa hapa chini.

Tuseme jina limeonekana. Vishawishi vitakuwa vikubwa vya kurekebisha mipangilio palepale na kuona Windows ikifunguka. Nakuomba usubiri. Windows iliyozimika ghafla mara nyingi huanza kwa kukagua na kurekebisha diski, na kurekebisha ni kuandika. Katika diski isiyo na hitilafu hilo halina neno, ila katika diski yenye sehemu zilizokufa ukaguzi huo umewahi kuwapotezea watu folda nzima. Wewe huna nakala hata moja, kwa hiyo jaribio la kwanza lisiwe juu ya diski hiyo.

Njia ninayoipendelea ni kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, bila kuweka kitu ndani. Linux Mint au Ubuntu zinafaa, na zote ni za bure. Faili la Mint lina takriban gigabaiti 3, na la Ubuntu ni kubwa zaidi, kwa hiyo usitumie mega zako kulipakua. Katika wateja wako lazima yuko mwanafunzi wa informatiki aliye nalo tayari. Katika kompyuta nyingine, na kwa flashi isiyo na kitu cha maana kwa kuwa itafutwa, programu ya Rufus au Ventoy itaandaa kila kitu. Kisha washa kompyuta yako ukibonyeza kitufe cha kuchagua kifaa, ambacho mara nyingi ni F12, F9 au Echap, uchague flashi. Ubuntu itakuuliza kama unataka kujaribu au kuweka. Jibu ni kujaribu. Mint huingia moja kwa moja, ikiwa na alama ya kuiweka kwenye diski upande wa juu wa skrini, na hiyo alama usiiguse kabisa.

Mambo matatu huwashtua watu wetu hapo. Kibodi inaweza kuanza kwa mpangilio wa Kiingereza, hivyo ukibonyeza A inatokea Q. Folda za Windows nazo hubadilika majina: uliyoizoea kama Bureau utaikuta inaitwa Desktop, na Utilisateurs inaitwa Users, kwa kuwa Windows ya Kifaransa huonyesha tafsiri tu juu ya majina halisi. Tatu, Linux inaweza kukuambia kwamba diski imefunguliwa kwa kusoma pekee, kwa sababu Windows haikuzimika sawasawa. Hilo lisikusumbue, maana kusoma pekee ndiko tunakokutaka. Ikiwa badala yake itadai ufunguo wa tarakimu 48, diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows, na ufunguo hutafutwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeiandaa mashine. Ila kwa kompyuta ya zamani kama yako sitarajii.

Chomeka diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Isiwe na mfumo wa FAT32, ambao hukataa faili moja inayozidi gigabaiti 4. ExFAT au NTFS ni sawa. Nakili folda nzima ya mtumiaji iliyo ndani ya Users, si Documents peke yake, kwani katika maduka ya kuchapa nimeona memwari nyingi zaidi kwenye Desktop na Downloads kuliko mahali pengine popote. Ikiwa hesabu zako zinatunzwa na programu maalumu badala ya Excel, tafuta folda yake pia ndani ya ProgramData au moja kwa moja chini ya C. Duka kama lako hupokea flashi za watu wengi, na virusi huja nazo, hivyo baada ya kunakili acha kufungua faili zinazoishia na exe au lnk zilizojipenyeza kati ya nyaraka. Virusi vya namna moja huficha folda halisi na kuweka njia za mkato zenye jina lilelile. Linux haidanganyiki na mchezo huo, utaziona folda zote.

Kazi ya kunakili haijaisha mpaka umeipima. Linganisha ukubwa wa folda mbili, kisha ipeleke diski ya nje kwenye kompyuta ya jirani na ufungue memwari kadhaa, hasa zile ndefu zenye picha na majedwali, ukishuka hadi ukurasa wa mwisho. Fungua pia kitabu cha hesabu cha kila mwaka. Faili linaweza kuonyesha jina na ukubwa sahihi na bado likakataa kufunguka.

Njia ya pili ni kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa adapta ya SATA kwenda USB. Diski kubwa ya inchi 3.5, iliyo ya kawaida katika kompyuta za mezani, inahitaji adapta yenye chaja yake ya volti 12; ile ya inchi 2.5 hutosheka na umeme wa USB. Hatari ya njia hii ni Windows ya kompyuta ya pili, ambayo inaweza kufungua kidirisha kinachosema kwamba lazima diski ifomatiwe kabla ya kutumika. Jibu ni hapana, kila mara, hata kidirisha kikirudi mara kumi. Ujumbe huo una maana moja tu, kwamba Windows haikuelewa ilichokisoma, na kwa hali hiyo TestDisk, programu ya kuokoa diski, au Linux mara nyingi huelewa.

Diski mgonjwa ni habari nyingine. Ikigonga, ikitumia dakika nzima kufungua folda moja, au kunakili kukikwama mahali palepale, usiendelee kuivuta faili moja moja, kwani kila dakika inayozunguka inaweza kuwa inajichubua. Mtaalamu hutumia ddrescue, programu ya bure ya mradi wa GNU, ambayo huchukua kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi na kuziacha ngumu za baadaye, huku ikiandika ramani ya ilikofika ili umeme ukikatika iendelee pale ilipoishia. Sifa hiyo ya mwisho, kwa mji wenye delestaji kama wetu, ina thamani ya dhahabu. Katika amri yake diski mgonjwa hutajwa kwanza, faili la nakala la pili, ramani la tatu, na diski ya kupokea lazima iwe kubwa kuliko ile inayookolewa. Uokoaji wa faili hufanyika baadaye kwenye nakala, diski yenyewe ikiwa imepumzika kabatini. PhotoRec, programu nyingine ya uokoaji, inaweza kuvuna nyaraka hata pale orodha ya faili imevunjika, ingawa inazirudisha bila majina, na utakuwa na kazi ya kufungua moja moja ili ujue ni ya nani. Kama fundi yeyote atapendekeza kuifungua diski yenyewe kwa bisibisi, au kuiweka kwenye friji, mshukuru na uondoke nayo. Vichwa vya kusomea huelea nanomita chache tu juu ya sahani inayozunguka, na chembe moja ya vumbi ni mlima mbele yao.

Faili zikishakuwa mahali pawili, sasa tengeneza mashine kwa raha. Kompyuta ikiwa imechomolewa, badilisha betri ya CR2032, ambayo ni rahisi na hutumika pia katika rimoti nyingi za magari. Upande wa alama ya kujumlisha hutazama juu. Rudi BIOS, weka tarehe, ipe diski nafasi ya kwanza, kisha hifadhi na uwashe. Ikiwa ujumbe uleule unarudi, tafuta chaguo la UEFI (njia mpya ya kuanzisha) na Legacy (ya zamani), kwa kuwa Windows iliyowekwa kwa njia moja haianzi kwa nyingine. Ikianza kisha ikaanguka kwenye skrini ya buluu, mtindo wa kusoma diski ndio uliobadilika: kama umeandikwa IDE au RAID jaribu AHCI, au kinyume chake. Badilisha kimoja kwa wakati, na upige picha ya kila ukurasa kabla ya kuugusa. Yote hayo yakishindikana, urekebishaji wa uanzishaji kutoka kwenye flashi ya Windows utafaa, na ukishindikana nao, fundi wako yuko huru kufomati anavyotaka. Kabla ya hapo mwombe asome taarifa za SMART, yaani zile ambazo diski hujiandikia kuhusu afya yake, kwa programu ya CrystalDiskInfo. Kipengele cha 197 na cha 198 vikiwa juu ya sifuri, au cha 5 kikiendelea kupanda, asiweke Windows mpya juu ya diski hiyo, nunua nyingine.

Kuhusu kumkabidhi fundi mashine kwa matengenezo mengine, ningekushauri utoe diski na ubaki nayo, umpe kasha pekee. Anaweza kupima umeme, ubao na kumbukumbu kwa diski yake mwenyewe, na memwari za watoto wa watu hazitakuwa zimezunguka mjini kabla hazijatetewa.

Utaratibu wa baadaye kwa duka lako usiwe mzito, la sivyo hautadumu. Kanuni inayotumiwa na wengi ni ya nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Nunua diski mbili za nje. Moja inachomekwa jioni kwa ajili ya kunakili, kisha inachomolewa, nyingine inakaa nyumbani, na kila mwisho wa juma zinabadilishana zamu. Kuchomoa ni sehemu ya kinga, kwa sababu radi ya msimu wa mvua ikipita kwenye waya, au virusi vinavyofunga faili vikiingia, diski iliyochomekwa inakufa pamoja na kompyuta. Faili za Word ni ndogo, hivyo mwanafunzi akiondoka mtumie memwari yake kwa barua pepe yake mwenyewe siku hiyohiyo. Mega zinazotumika ni chache, na nakala ya nje ya jengo inatunzwa na mtu mwenye sababu kuliko wote ya kuitunza.

Umesema pia, mwishoni mwa barua yako, kwamba unafikiria kununua onduleri, yaani kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Nunua, lakini kompyuta na skrini pekee ndizo zichomekwe upande wa betri. Mashine ya fotokopi na printa ya leza huvuta umeme mwingi kwa ghafla zinapopasha joto, zitaizidi nguvu onduleri na kuizima wakati ambao ungeihitaji; zipitishie kwenye stabilizatere (kifaa cha kusawazisha umeme) ya peke yao yenye uwezo wa kutosha. Umeme ukikatika, chomoa mashine hizo mbili, na ukirudi subiri dakika chache uone kama umetulia kabla ya kuzichomeka tena. Betri ya onduleri nayo huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo ijaribu mara kwa mara kwa kuchomoa waya wake ukutani huku kompyuta ikiwa imewashwa na kazi zote zimehifadhiwa.

Ukishaingia BIOS, niandikie tarehe uliyoikuta, na jina na ukubwa wa diski kama ulivyouona. Kwa hayo nitaweza kukuambia ni ukurasa upi wa mipangilio uanzie.